Kutu Kwenye Saluni ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni fundi wa mabati, na mwaka jana nilimfunikia mama mkwe kuta za saluni yake kwa mabati ya chuma yenye zinki na juu yake rangi ya samawati, nikamwapia mbele ya mke wangu kwamba kutu haitayagusa mpaka apate vitukuu, na kweli yalipendeza hadi wateja wakawa wanapigia picha pale, ila mama hapendi vumbi, kila asubuhi anayasugua kwa waya wa kusugulia sufuria kama anatoa ukoko, na mimi nitamkatazaje mama mkwe wakati hata macho siinui nikiongea naye, sasa kutu imetoka kwenye kingo na kuzunguka madirisha yote, ananiita Bwana Vitukuu mbele za watu, na Jumamosi anamleta mzee aliyenifundisha ufundi aje akague. Mzee yule namheshimu mno, nililia siku aliyonizawadia grainda yake, hiyo hiyo niliyokatia mabati haya. Je, nimtume mke wangu akamwambie mama yake kuwa kosa ni lake?

Bwana Vitukuu

JIBU

Pole, Bwana Vitukuu. Kuchekwa na wanawake wenye rola kichwani si jambo dogo. Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, marehemu mume wangu alikuwa fundi bati. Waya unakwaruza rangi katikati ya ukuta, mkono unapopita. Kutu yako iko kwenye kingo na madirisha, yaani pale ulipokata. Grainda inaunguza rangi na zinki, chuma kinabaki uchi, na cheche zake zinanasa kwenye bati na kuota kutu. Mzee alikupa ya kukatia nondo! Mkasi wa bati ulikuwa wapi? Halafu unataka mkeo akakubebee kesi kwa mama yake mzazi. Huna haya?

Kesho asubuhi nenda mwenyewe. Piga msasa kutu yote iishe, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo upake samawati. Kisha sema, "Mama, nilikata vibaya, nisamehe." Akishakusamehe, mpe sponji na sabuni ya maji, umweleze kuwa rangi ile ndiyo ngozi ya bati na waya unaichuna. Atakusikia, kwa sababu umeanza na kosa lako.

Jumamosi mpokee mzee mlangoni, umweleze kabla hajauliza. Mrudishie grainda yake, umwombe mkasi.