Makochi ya Shangazi na Jumba la Uholanzi

Crescent Town, Jumanne, 12 Novemba 1996

Sibadilishi kitu. Hotuba ni yangu, na kesho profesa atanipa alama mimi, si Shangazi.

Nilimwomba tu anisikilize nikifanya mazoezi. Nikamwonyesha picha ya jumba la kale la Uholanzi, limezungukwa na maji pande zote. Akauliza, "Na mbu?"

Nikaendelea. Nikamweleza kwamba wenye jumba wamejibana katika vyumba viwili vya nyuma, karibu na jikoni. Sebule kubwa imefungwa, viti vimefunikwa mashuka, hufunguliwa wageni wakija tu. Hoja yangu ni kwamba hivyo ndivyo nyumba inavyokufa: haina moto, haina watu, unyevu unaitafuna polepole.

Shangazi akaisogelea picha. "Hawa wamelelewa wakaleleka," akasema. "Wewe unataka watu wakalie viti vya babu yao na vikombe vya chai mkononi?"

"Nyumba ni ya kuishi, Shangazi."

"Ndiyo maana hujaolewa."

Hilo limeingiaje hapo, sijui.

Kusema kweli naogopa. Profesa naye ana sura ya mtu mwenye sebule ya wageni.

Tulibishana hadi ugali ukapoa, sote wawili tumeketi chini kwenye zulia. Nyuma yetu makochi ya Shangazi, bado na nailoni ya dukani, yanasubiri wageni.

Nikifeli kesho, naapa, nitarudi nikalie moja.