Pikipiki ya Kaka, Usukani Mwingine

Dada Vero, shikamoo.

Huku Mpanda mvua haijakatika tangu nifike. Nimekabidhiwa pikipiki ya marehemu kaka. Si unajua alivyokuwa mrefu, alijitengenezea usukani wa juu mno, mimi ukanishinda. Fundi akanifungia mwingine, mfupi. Leo nimeujaribu hadi Kasokola. Bado sijauzoea, kila kona naikata kupita kiasi, na moja imeniingiza kwenye tope.

Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi akaacha jembe, akaja anacheka. "Joakimu, umepotea sana."

Nikavua helmeti. Akasimama, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Wewe nani?"

Nikamwambia mimi ni mdogo wake, na Joakimu tulimzika mwezi uliopita. Alikaa chini palepale, mvua ikimnyeshea. Kumbe kaka ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki kila Alhamisi, na wiki zote hizi mama huyo alidhani kaka amemchoka.

Alhamisi nitampeleka mimi. Nimemweleza kwamba naogopa kona. Akasema, "Tutaenda polepole, mwanangu."

Nisalimie watoto. Na usilie peke yako, dada. Nenda kwa mama.

Mdogo wako,
Festo