Njia Niliyotuchagulia

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na yale magoti unayoyalalamikia hayajakugomea kabisa. Wifi na watoto nawasalimu sana. Huku tunasukuma siku. Nina kikohozi kidogo tu, na mdomo wangu uliokuwa unauogopa bado upo.

Barua yako niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Eti umestaafu ufundi bomba, na kabla mwili haujakataa unataka tuupande ule mlima pamoja, tena njia nichague mimi! Nilicheka peke yangu, halafu nikakaa kwenye kiti cha Baba, raha ikaniisha.

Ofisi ya Baba ya kupandisha wageni mlimani ni ile ile, Kaka. Ghorofa ya tatu, ngazi za saruji, ramani ukutani imefifia pale vidole vinapopita. Unakumbuka Baba alivyowachagulia wageni njia? Haulizi umri, hapimi presha. Anaacha mlango wazi na kusikiliza wanavyopanda ngazi. Anayepanda kwa fujo anapewa njia ndefu ya siku saba, ikamfundishe adabu. Anayepumzika kila ghorofa, naye ndefu. Ile fupi ya siku nne, inayopanda wima, aliwapa wachache mno. Mimi nawe tukijibanza chini ya meza, tukishindana kubashiri, na ulikuwa unanishinda kila mara mpaka nanuna. Siku hizi wageni wanakuja na njia waliyoisoma kwenye simu. Nawaambia wangoje kwanza, nimeshasikia viatu vyao.

Naikumbuka sana safari yetu ya ujana. Tulitaka njia fupi, kwa ubishi tu. Baba alikataa, tukamsumbua wee, mpaka akasalimu amri na kutupa mpishi wake atuangalie. Tulivyoimba siku ile ya kwanza! Ulibeba begi langu juu ya lako, ukanipa soksi zako kavu, ukaniita Kiberiti kwa kuwa nilikuwa mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Kambi ya mwisho kichwa kikakubana, ukatapika hadi ukaishiwa. Mpishi akasema huongezi hata hatua moja. Akabaki nawe, mimi nikaendelea peke yangu kulipopambazuka.

Mengine unayajua. Nilirudi mchana nikasema nimefika. Baba akatamba mtaa mzima, akanipa kiti, akisema ofisi inataka mtu aliyekanyaga kilele. Majirani wakakutania kwamba umeshindwa na msichana. Mwezi haukuisha, ukafunga sanduku ukaenda mbali kujifunza kazi ya mabomba. Wewe, uliyekuwa na masikio ya Baba.

Kaka, sikufika.

Nilitembea hadi kwenye jabali moja kubwa, ukungu ukashuka, nikashikwa na woga mpaka miguu ikakataa. Nilikaa nyuma ya jabali lile nikilia na kukuita jina. Nilipoona muda umetosha, nikashuka. Yote niliyowasimulia ya kileleni nilikuwa nimeyasikia kwa wageni tangu utotoni. Nilidhani ni uongo wa siku moja, ila Baba aliponipa kiti, nikashindwa kuukana. Sikupanda tena, nilisingizia kazi za ofisi. Miaka thelathini na minne nawatuma watu mahali nisipopajua, na Baba amekufa akinisifu. Naona haya, Kaka. Kiti kile kilikuwa chako, nikakikalia huku nikikuona unaondoka. Nisamehe.

Sasa njia. Najua moyo wako uko kwenye ile fupi, ukamalizie pale ulipokwama. Lakini huko ningetangulia tena mimi, kana kwamba najua mbele kuna nini. Nimechagua ndefu, ambayo wewe wala mimi hatujawahi kuikanyaga. Nimeshatuandikisha kwa mwezi ujao, jina lako likitangulia langu. Kama baada ya kusoma haya hunitaki tena, niandikie hata mstari mmoja, nitaelewa. Ila ukija, siku zote saba ni zako, nigombeze utakavyo, wala usifanye haraka.

Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na wanangu wote uwaambie shangazi anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekusubiri.