Sufuria Iliyochota Ziwa

Wewe Odhiambo,

Kwako Mbotela mpaka kwangu Kaloleni ni mwendo wa miguu, na tangu Pasaka sijaona uso wako! Nilipokwambia dada yangu ni mgonjwa kisiwani, ukasema uko na kazi. Basi nilikwenda bila wewe, na dhoruba ikatukamata ziwani, kando ya majabali matupu, kaboti kanajaa maji. Mahali pako alikaa mzee mmoja aliyevaa tai shingoni, anaomba tu. Nikamwambia, "Baba, Mungu amesikia. Sasa chota maji!" Mimi nilichota kwa sufuria niliyompelekea dada zawadi mpaka bega likafa ganzi.

Dada yu hai. Amekula samaki, amekutukana pia. Nimemkataza mwalimu anayeniandikia kupunguza ukali.

Sufuria nimemwachia. Ukija Kaloleni, leta nyingine, na uje na njaa.

Nyanya yako