Dada, Mkungu Wako Tumeuangusha

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Naandika huku naisubiri marahaba yako, maana wewe hukuwa unaitikia hivi hivi tu. Ulikuwa unanitazama kwanza, kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia, halafu unasema, "Marahaba, Bakari. Haya, leo umetuletea uongo gani kutoka Moa?" Nami nacheka, navua viatu, nakaa mkekani pale barazani kwako Mabawa, naanza. Nikimaliza unamwambia aliye karibu, "Toa robo tatu. Iliyobaki tutaizungumza."

Tangu umetutoka hakuna wa kunitolea robo tatu. Nasema jambo, watu wanaitikia "eeh", jambo linabaki kubwa vilevile, mpaka mie mwenyewe linanitisha. Hilo sikulijua ulipokuwa hai. Nilidhani unanionea tu kwa kuwa wewe ndiye mkubwa.

Nimekuandikia kwa habari ya mti. Ule mkungu wa nyuma ya nyumba, ambao kungu zake tulikuwa tukizigonga kwa jiwe, tunakula kiini, mama anatufukuza. Siku ya mwisho nilipokukuta una nguvu za kukaa kitako, ulinionyesha kwa kidevu, mkono umeshachoka. Ukasema, "Bakari, mti ule umelalia chumba cha Zuhura. Masika haya hautayamaliza. Ukate kabla haujamwangukia mwanangu."

Nami nikakwambia nini? Nikakwambia, "Dada, mie nimeangusha miti kule msituni Amani ambayo kivuli chake kilikuwa kinafika Muheza. Huu wako ni kijiti cha kuchokolea meno."

Ukafumba macho. Safari ile hukusema toa robo tatu. Ulisema, "Haya." Basi. Siku ya nne yake tukakuzika, na hiyo "haya" nikarudi nayo Moa kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Wiki tatu baada ya maziko Zuhura akanipigia simu. Mwanao unamjua, hana maneno mengi. "Mjomba, nimenunua chenso ya umeme. Njoo tuupunguze mti." Nikapanda bodaboda siku ileile mpaka njia kuu, nikadaka gari, adhuhuri haijafika nimeshabisha hodi. Njiani kote nilikuwa namweleza dereva habari za Amani. Alikazana na usukani wake. Nadhani aliniamini, maskini ya Mungu.

Sasa nikueleze chenso yenyewe, huo msumeno wa mashine. Mie nilitarajia kitu kama zile za kule msituni, za petroli, ambazo ikiwashwa moja ndege wanahama. Hii nilipoitoa kwenye boksi nikadhani ni mashine ya kusagia juisi. Nyepesi, rangi ya chungwa, ina waya mkiani, na ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni hauzidi mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Haina petroli, haina kamba ya kuvuta mpaka bega likatike. Unachomeka kwenye soketi, unabana kidole, inaimba.

Zuhura alikuwa amekisoma kile kitabu chake chote. Huku kambeba mtoto wake, ananisomea. "Mjomba, hapa wanasema tusipande nayo ngazi. Wanasema isiloe. Wanasema ncha ya mbele isiguse mti, inaweza kukurukia usoni. Wanasema waya mwembamba ukiwa mrefu unaipunguzia nguvu. Wanasema ni ya matawi na miti midogo." Nikamwambia, mwanangu, vitabu hivi huandikwa na watu ambao hawajafika Amani.

Lakini kwa haki ya Mungu, dada, kwenye matawi sikuamini macho yangu. Yale ya chini, manene kama paja la mtu mzima, yalikatika kama mhogo uliochemka. Mie nasimama chini, nanyoosha mkono, tawi linadondoka. Moshi hamna. Mikono haikufa ganzi. Majirani wakaja kusimama ukutani. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili, na mdomo wake uleule, akasema, "Kelele zenyewe ndizo hizo? Mbona cherehani yangu inapiga zaidi?" Nikamjibu kwamba chui naye hapigi kelele. Wakacheka, nami nikavimba. Kila tawi likishuka nawapa kisa kimoja cha Amani. Cheni ikaanza kukauka, Zuhura akaja na oili, akajaza. Nilikata matawi arobaini kabla ya adhana.

Tukapumzika. Zuhura akasema, "Shina tutalitazama baadaye, mjomba." Nikaitikia. Moyoni nikasema, binti huyu ananitilia shaka.

Nikaenda kusali. Nikarudi mapema kuliko alivyonitegemea. Yeye yuko chumbani anamwogesha mtoto kwenye beseni, redio inaimba kaswida. Nikaona hapa ndipo. Akitoka ameshika taulo, akute kazi imekwisha.

Shina lile mikono yangu miwili hailizunguki. Soketi iliyo karibu ni ya jikoni, kwa hiyo nilikuwa nimeunganisha ekstensheni mbili, zile nyembamba za kuchajia simu. Waya ulifika upande mmoja tu wa mti, upande ule ulioinamia nyumba. Mtu aliyewahi kuangusha mti hata mmoja maishani mwake angejua kwamba upande ule haupelekwi chuma, maana mti wote uzito umeuweka hapo. Mie nikaweka chuma hapo.

Iliingia. Iliingia mpaka ulimi wote ukazama, nami nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Halafu mti ukakaa. Sijui nikwambieje, dada. Ulikaa juu ya ule ulimi kama mtu mzito anavyokaa kitini, cheni ikasimama, mashine ikabaki inanung'unika. Nikabana tena. Ikatoka harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza kabisa. Nikashika waya nione kama umechomoka: wa moto kama pasi. Na juu yangu, mkungu ukatoa mlio. Ulilia kama ule mlango wa jiko la mama tulipokuwa tukiufungua polepole tusisikike.

Nyuma ya ukuta nikamsikia mjukuu wako anacheka, anapiga maji.

Dada, mie nina maneno ya kila kitu. Nina maneno ya nyoka, ya mafuriko, ya papa aliyenifuata mpaka pwani. Pale sikuwa na hata neno moja. Nikakimbilia dirishani. "Zuhura! Toka! Toka na mtoto, acha kila kitu!" Akatoka mbio na mtoto uchi, ana povu kichwani. Nikawasukuma mpaka barazani kwa Bi Mwanaidi. Mti haukuanguka, Mungu aliushika. Lakini mie nilikaa chini mchangani mbele ya watu.

Na palepale nikamwambia mwanao lile ambalo wewe pekee ulikuwa unalijua. Au nilidhani wewe pekee. Nikasema, "Zuhura, mie Amani sikuangusha mti. Nilikuwa mpishi."

Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimeacha shule darasa la sita, nimewaaga watu wote kwamba nakwenda kupasua mbao. Siku ya kwanza walinipa upande mmoja wa ule msumeno wa watu wawili, nikautazama mti mpaka juu, nikatetemeka hata msumeno ukawa unapiga kelele wenyewe. Msimamizi akaniondoa, akanipa mwiko. Miaka miwili nikapikia watu kambini. Wewe ukaja bila taarifa, umepanda mlima na kapu la mikate ya kumimina, ukanikuta nimejifunga kanga kiunoni, nakoroga maharage. Hukucheka. Ulichovya kidole, ukaonja, ukasema, "Nazi imekolea." Ukaniachia kapu. Na uliporudi nyumbani, baba alipokuuliza, ukamjibu, "Bakari nimemkuta kazini."

Zaidi ya miaka thelathini, dada. Watu wote wale uliokuwa ukiwaambia toa robo tatu, hukumwambia hata mmoja atoe yote.

Zuhura akafuta povu kichwani kwa mtoto, akasema polepole, "Najua, mjomba. Mama aliniambia alipokuwa kitandani. Alisema, mjomba wako mwache akate matawi, afurahi. Akitaka kugusa shina, mwite fundi. Fundi Hoza anakuja kesho asubuhi. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Nililia pale. Sikuficha mbele ya watu, nikufiche wewe kwenye barua? Nililia. Ulikuwa unakufa, na bado ulikuwa na nafasi ya kupanga namna nisiaibike.

Hoza ni Mbondei mmoja mfupi, kimya, ana chenso ya petroli ambayo imechakaa kama yeye. Mwanao na mtoto walilala kwa jirani, asubuhi fundi akafika. Akauzunguka mti mara mbili. "Nani kakata upande huu?" Nikasema ni mimi. "Ulifundishwa wapi?" Nikasema, "Sikufundishwa." Bi Mwanaidi akafungua mdomo, nikangojea, akaufunga. Mungu ambariki kwa hilo.

Akapanda na kamba, akaufunga huko juu upande wa pili, akaanza kuuteremsha kipande kwa kipande. Hakuuangusha mti, aliupakua. Mie nilishika kamba. Nilivuta aliposema vuta, nililegeza aliposema legeza, na sikutoa kisa hata kimoja. Alipofika chini akagonga kabari ya mti, ufa ukafunguka, chenso ya Zuhura ikatoka. Cheni imeharibika, lakini mashine yenyewe ilipopoa ikawaka. Hoza akaigeuza mkononi, akasema, "Si mbaya. Mmeipa kazi isiyo yake." Tukaifunga cheni mpya na waya mnene, kisha vipande vilivyolala chini nikavikata mie mwenyewe kuwa kuni, na hapo tena ikaimba.

Kuni zile ndizo zilizopika hitima yako ya arobaini. Hazikuwa zimekauka vizuri. Moshi ulijaa uani mpaka hata wale waliokuja kwa ajili ya pilau wakalia machozi, ungewacheka. Zuhura alitaka kumwita mpishi wa kukodi. Nikamwambia hapana. Nikajifunga kanga yako ile ya manjano kiunoni, nikashika mwiko. Masufuria matatu makubwa, dada, na ukoko wake haukuungua. Bi Mwanaidi akaonja, akasema mbele ya wanawake wote, "Kumbe fundi wa miti ni fundi wa sufuria!" Nikamjibu, "Tangu Amani." Niliyasema maneno hayo mawili, nikasikia kifua kimekuwa chepesi hata nikashika ukingo wa meza.

Masika yameanza. Juzi upepo uling'oa mabati mawili mtaani, na ulipopita kwenu haukukuta cha kuangusha. Mjukuu wako alilala mpaka asubuhi, ndivyo Zuhura alivyoniambia. Jua la asubuhi linaingia sasa chumbani, na pale palipokuwa na mkungu amepanda mpapai. Nimemwambia mpapai ukizidi, chenso yake inatosha.

Basi dada, nikuage. Mungu akutandikie huko mkeka mpana kuliko ule uliotutandikia sisi. Nakuahidi mambo mawili. Kila hitima ya nyumba ile mwiko nitaushika mie, maadamu mkono unainuka. Na mtoto huyu akiwa mkubwa akiniuliza habari za Amani, nitamwelezea maharage yale na dada yangu aliyepanda mlima na kapu kichwani, akanikuta kazini.

Yale matawi niliyosema ni arobaini yalikuwa tisa. Mengine yote nimeyaandika kama yalivyokuwa. Usitoe kitu.

Shikamoo, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari, Moa