Vidonge Walivyogawana Kornelio na Gervas

Tandale, Kinondoni,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Marietha,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mikorosho imeanza kuchanua? Huku sote wazima. Mdogo wangu Kornelio pia ni mzima, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Uliuliza anapewa dawa gani. Waliozoea heroini hutibiwa kwa methadoni. Methi, ile dawa ya kulevya ya kuchangamsha ambayo Kornelio alikuwa akivuta ili abebe magunia sokoni bila kuchoka, bado haina dawa iliyothibitishwa. Kliniki anakotibiwa inajaribu dawa ya zamani ya sonona, ione kama inapunguza hamu. Nusu ya wagonjwa hupewa hiyo. Nusu hupewa vidonge vinavyofanana nayo, visivyo na dawa ndani. Nani kapata kipi, hata daktari hajui.

Kornelio aliingia kwenye jaribio hilo na Gervas, mpagazi mwenzake. Wale hugawana hata sahani ya wali. Waliona ni dhuluma mmoja apone na mwingine ameze chokaa, basi kila asubuhi wakakata vidonge kwa wembe na kubadilishana nusu. Mimi, mwandishi wa habari, naishi naye nyumba moja na sikujua. Wewe alikusimulia kwa simu, akitegemea sifa.

"Shangazi kacheka kwanza," aliniambia. "Halafu kasema, we baba, dawa siyo muhogo mmegeane. Nenda kawaambie wenyewe wa kliniki."

Aliogopa kufukuzwa, maana hana kliniki nyingine ya kwenda. Lakini alikwenda, na Gervas akamfuata. Daktari Loveness hakuwagombeza. Aliwaeleza kwamba matokeo yao yatatengwa na ya wengine, ila dawa, vipimo na ushauri vitaendelea.

"Sasa dokta, kati yetu nani alikuwa nayo?" Gervas akauliza.

"Mie mwenyewe sijui. Nanyi mmezidi kunichanganya."

Vipimo vya Kornelio ni safi tangu Pasaka. Kama ni dawa, ushauri au ukaidi wake, sijui, na gazetini sitaandika kwamba inaponya. Ila angenyamaza, nusu zile zingehesabiwa kama vidonge kamili, na wagonjwa wengine wangepewa jibu la uongo. Ni wewe ambaye alikubali kukusikiliza. Asante sana, Shangazi.

Nisalimie Mjomba Leonardi na dada Mauwa. Mungu akutunze, akuongezee nguvu za kutucheka na kutusahihisha.

Jana Kornelio alipokea pakiti mpya. Gervas alikuwepo. Kila mmoja akameza kidonge chake kizima.

Mwana wa kaka yako, akupendaye daima,
Vaileth