Viti vya Chumba cha Juu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Leo ni miaka thelathini na minane na siku tisa tangu nitoke kwetu. Bado nahesabu. Hakuna aliyenituma.

Shemeji amekuja asubuhi — mdogo wa marehemu mke wangu. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi: anarudi kwetu! Anafungua ofisi ya kupima viwanja. Chumba ameshapata. Akanitajia mtaa, akanitajia ngazi za nje. Ni chumba kile kile cha juu nilichokaa miaka kumi na mmoja nikisahihisha prufu za gazeti. Nikamwambia hongera. Ilipita kooni kama mwiba wa samaki.

Anataka viti vitano, nivichague mimi, visafirishwe pamoja na mizigo yake. "Shemeji, chumba unakijua wewe, mimi nimekodi tu." Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikakasirika kwa kuwa nilifurahi.

Jumatano, 6 Machi
Dukani na Shemeji. Yeye na viti vya ngozi vyenye magurudumu! Anakaa, anazunguka, anajichekea kama bwana harusi. Muuzaji akamwita bosi. Mimi akaniita mzee, akaniletea maji.

Nikamweleza: sakafu ya chumba kile inainamia dirishani. Penseli ikianguka tuliifuata ukutani. Kwa kiti chenye magurudumu utamwanzia mteja salamu mlangoni, uimalizie dirishani! Shemeji alicheka hadi akafuta machozi. Basi vichongwe, akasema. Nilitoka dukani nikiwa mrefu kidogo.

Jumamosi, 9 Machi
Kwa seremala. Ni mtu wa kwetu, lakini wa juzi — ana miaka sita tu huku.

Nikampa vipimo: kuanzia nyuma ya goti hadi kisigino, kila mkaaji na chake. Halafu miguu ya nyuma izidi ya mbele kwa kidole kimoja. Tulikuwa tukikaa migongo dirishani, na huko ndiko sakafu inakoshuka. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mzee wangu, mtu akikikalia hapa karakanani ataanguka kifudifudi. Watasema fundi alilewa."

"Havikai hapa."

"Vinakaa wapi?"

"Kwetu."

Akaandika.

Kimoja cha Shemeji, viwili vya wapimaji wake, kimoja cha mteja. Cha tano ni cha nani, Shemeji hakusema nami sikumwuliza. Nilimpa seremala kipimo cha mguu wangu.

Jumanne, 12 Machi
Cha tano ni cha binti yangu!

Amenieleza mwenyewe akikoroga chai, bila kunitazama. Atakuwa msimamizi wa ofisi ya mjomba wake. Anatangulia keshokutwa kwenda kupokea funguo. Binti aliyezaliwa huku, asiyejua hata upepo wa kule unatokea upande gani. "Baba, si utafurahi? Nakwenda kwetu." Neno hilo nilimfundisha mimi, hapo hapo mezani, kabla hajaota magego.

Nilitaka kuuliza, na mimi je? Nikamwambia anyooshe mguu nimpime. "Baba na viti vyako!" Akacheka, akanyoosha. Ni mfupi kuliko wangu kwa vidole viwili.

Seremala sijamwambia.

Wafalme waliowaonea wivu watoto wao nimewasoma tangu ujanani. Niliwaona wajinga. Jioni hii nawaomba radhi mmoja mmoja.

Ijumaa, 15 Machi
Ameandika: "Nimefika salama." Basi. Mimi njia hiyo hiyo ilinila miezi saba.

Jumapili, 17 Machi
Naandika nyuma ya karakana, nimekalia rundo la mbao. Wenzangu wako ndani. Nimewaambia nakuja kunawa mikono.

Viti vimekwisha. Vizuri mno — hata Shemeji alivipapasa kama farasi. Binti akapiga simu ya video akiwa chumbani kule. Nikamwambia anionyeshe sakafu. Vigae vyeupe. Nikamwambia asogee dirishani, aweke kalamu chini.

Akaiweka. Ikatulia.

"Iweke tena."

Ikatulia tena. Mlinzi wa jengo amemwambia sakafu ilisawazishwa zamani, yeye mwenyewe hajui mwaka gani. "Baba, pako sawa kabisa hapa."

Shemeji akakikalia kiti chake. Kikamsukuma mbele taratibu hadi akashika magoti. Seremala akatazama dari. Laiti Shemeji angecheka! Alinyanyuka polepole, akanishika bega, akasema kosa ni lake, alinibebesha kazi ya kukumbuka. Ndege ya Jumatano ina nafasi. Twende wote. Nikaone kwa macho, nichague vingine huko huko.

Na binti kutoka kwenye simu: "Njoo, Baba! Utakaa kwenye kiti changu, mimi nitasimama." Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, mtu akipita chini anaimba, naye akageuka kumtazama — kama mtu aliyezoea.

Siku kumi na tatu nimewaonea wivu kwa chumba kisichokuwapo. Sasa nimekiona kilichopo, na wivu haujapungua hata kidogo.

Seremala anauliza kupitia dirishani, msumeno mkononi: "Mzee, nikate miguu ya nyuma au nisikate?" Nimemwashiria angoje. Ndani nasikia Shemeji akimwambia binti kwa sauti ya chini, "Atakuja tu. Anafikiri."

Sifikiri. Sitarudi kwetu.